Ala za Turubai za Bunduki za Zamani: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzitunza



Leo twapenda kusema habari ya kitu ambacho watu wengi wamekiona wasikijali, nacho ni ala ya turubai iliyofunika bunduki ya askari wa zamani. Wengine huiita mfuko, na wengine kifuniko. Sisi tutaiita ala, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya ala ya upanga, yaani kulinda chuma.

Katika nyumba ambazo babu alikuwa askari wa Keya, hutokea kwamba bunduki ilirudishwa serikalini zamani, lakini ala ikabaki sandukuni pamoja na barua na nishani. Mrithi asiyejua thamani yake huikata akashona mfuko wa kubebea mihogo. Mwingine humwuzia mchuuzi kwa bei ndogo. Wa tatu, naye ndiye mwenye nia njema kuliko wote, huifua kwa dawa kali ili ipendeze. Watu hawa watatu wamefanya hasara moja, maana wamefuta ushahidi. Askari wengi wa nchi zetu hawakuacha vitabu. Waliacha vitu, na juu ya vitu vile zimo alama ambazo mtu aliyefundishwa aweza kuzisoma kama barua. Ndiyo sababu twaona yafaa kusema habari hii.

Kwanza tueleze turubai ni kitu gani. Ni kitambaa kizito cha pamba au cha kitani, kilichofumwa kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote: uzi wa mshindio wapita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya wa pili, hata mwisho wa upana. Nguvu yake si ufundi wa mfumo, bali ni unene wa nyuzi na jinsi zilivyobanwa. Tena nyuzi za pamba na kitani zina tabia moja njema: zikilowa huvimba, na matundu madogo yaliyo kati yao huzibika. Kwa hiyo turubai zuri huzuia mvua hata kabla ya kupakwa nta au dawa yo yote.

Sasa kwa nini bunduki ivikwe nguo? Katika vita vya 1914 hata 1918, majeshi yaliyokaa katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji yaliteswa na matope. Bunduki ya Waingereza, Lee-Enfield, ilikuwa na mtambo wa kupitishia risasi ambao ukiingia udongo hugoma. Basi askari walipewa kipande cha turubai cha kuzungushia mahali pale tu, kikafungwa kwa vifungo vya shaba vya kubonyeza. Hiyo ndiyo ala fupi. Iko pia ala ndefu, ambayo humeza bunduki nzima tangu kitako hata mdomo, nayo ilitumika safarini, katika magari na katika meli. Na ya tatu ni ala pana za bombomu, zilizokatwa kwa umbo la silaha yenyewe.

Watu wa Afrika ya Mashariki waliijua haja hiyo kwa miili yao. Jeshi la King's African Rifles liliundwa 1902. Katika vita vya pili askari wake walipigana Uhabeshi 1941, wakaenda Madagaska 1942, kisha wakapelekwa Asia. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw, katika nchi ya Burma iitwayo leo Myanmar, tangu Agosti 1944, wakati wa mvua za masika za huko. Njia ziligeuka kuwa tope, malaria ikaangusha watu, na magari yakakwama. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walifika mto wa Chindwin. Fikirini, wasikilizaji, kazi ya kuweka chuma kikavu katika mvua ya namna ile. Mtu ambaye uhai wake wategemea bunduki moja hakudharau kipande cha turubai.

Tuje sasa katika kuitambua. Mtu akiletewa ala na kuambiwa, "Hii ni ya vita vya zamani," asikubali upesi wala asikatae upesi. Na atazame dalili tano.

Dalili ya kwanza ni chapa. Mali ya serikali ya Uingereza ilitiwa alama ya mshale mpana, yaani mistari mitatu mifupi inayokutana juu, mfano wa unyayo wa kuku. Kanada iliuweka mshale huo ndani ya herufi C. Australia iliuweka kati ya herufi mbili za D. Afrika ya Kusini iliuweka ndani ya herufi U. Karibu na mshale aghalabu huwapo jina la kiwanda, au herufi zake za mwanzo, pamoja na mwaka. Kwa mfano, herufi M.E.Co. ni za Mills Equipment Company, kiwanda mashuhuri cha mikanda na mifuko ya askari. Vitu vya Marekani huandikwa U.S., na herufi J.Q.M.D. ni za ghala kuu la jeshi lililokuwa katika mji wa Jeffersonville. Tafuteni chapa ndani ya kifuniko cha mdomo wa ala, chini ya ukanda, au upande wa ndani wa pindo, maana huko jua halikufika.

Hapa wanafunzi na wasikilize sana. Mwaka uliopigwa chapa ni mwaka wa kushonwa ala, si mwaka wa vita. Ala yenye 1943 yaweza kuwa ilitumika 1944, au 1952, au isitumike kabisa. Lakini jambo moja ni hakika: haikuwapo kabla ya mwaka wake. Mtu akisema kwamba ala yenye 1943 ilikuwa katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, amekosea, hata kama ni mzee mwenye heshima. Tusimvunjie heshima, bali tumwulize kwa upole kama labda zilikuwa ala mbili, au babu wawili.

Dalili ya pili ni kipimo. Ala ni nguo, na nguo hukatwa kwa mwili. Bunduki ya Lee-Enfield iliyotumika sana katika vita vya kwanza ina urefu wa sentimita 113 hivi. Bunduki fupi ya Marekani iitwayo M1 carbine ina sentimita 90 hivi. Basi ala ndefu yenye sentimita 95 haikushonwa kwa Lee-Enfield, hata kama muuzaji ameapa. Tazameni pia umbo lake. Bombomu ya Bren ina kasha la risasi lililopinda linalosimama juu yake, na miguu miwili mbele. Ala yake haiwezi kuwa nyembamba kama ya bunduki ya kawaida. Na kwa kuwa Bren zilianza kutengenezwa Enfield mwaka 1937, ala ya Bren haiwezi kuwa ya vita vya kwanza.

Dalili ya tatu ni uzi na kitambaa. Ala za miaka ile zilishonwa kwa uzi wa pamba au wa kitani. Uzi wa poliesta ulivumbuliwa Uingereza 1941, lakini haukuenea madukani mpaka vita vilipokwisha. Ukitaka kujua, chukua unyuzi mmoja tu uliokwisha kukatika wenyewe ndani ya pindo, uushike kwa koleo ndogo mbali na ala, uuguse moto. Pamba na kitani huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka zikaacha shanga ngumu. Ukiona shanga, usiseme mara moja kwamba ala ni ya uwongo, maana huenda mtu aliishona upya baadaye. Lakini mishono yote ikiwa ya namna hiyo, shaka imekuwa kubwa.

Dalili ya nne ni vyuma na vifungo. Bizimu na macho ya kamba ya Waingereza yalikuwa aghalabu ya shaba nyeupe au ya njano, nayo yakikaa sana hupoteza mng'aro yakawa ya rangi ya kahawia. Ala ikiwa na utepe wa kunata, ule wenye vindoano vidogo upande mmoja na manyoya upande wa pili, haikutoka katika vita vya 1939 hata 1945, kwa kuwa utepe ule ulianza kuuzwa katika miaka ya 1950. Hali kadhalika kibandiko chenye nambari ndefu ya tarakimu 13 zilizotengwa kwa vistari ni cha desturi ya mataifa ya NATO, umoja ulioundwa 1949. Nambari ikianza 1005, ni ya kundi la bunduki na mizinga midogo. Tarakimu 99 zikifuata, ni ya Uingereza. Ala hiyo yaweza kuwa nzuri na ya kale kiasi chake, lakini ni ya majeshi ya baadaye.

Dalili ya tano ndiyo ngumu kughushi, nayo ni uchakavu. Kitu kilichotumika huchakaa pale kinapoguswa: mahali pa bega, ncha ya mdomo, ukingo wa kifuniko. Rangi ya kaki hufifia pale jua lilipopiga, na chini ya kifuniko hubaki mbichi. Mtu anayeghushi huifikicha ala yote sawasawa kwa mchanga au huichovya katika chai, ikawa na rangi moja kila mahali. Uzee wa kweli hauna usawa huo. Ukiona ala iliyochakaa hata chini ya kifuniko, ambako hakuna mkono wala jua, jiulize ni nani aliyeizeesha.

Hizo ndizo dalili, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Zikipatana zote tano, twaweza kusema kwa moyo mkunjufu. Zikigombana, yatupasa kungoja.

Sasa tuseme habari ya kuitunza. Turubai lina adui watano: unyevu, jua, wadudu, kutu, na mwenye mali.

Unyevu ndio mkubwa wao. Koga si uchafu tu, bali ni kitu kilicho hai, jamaa ya uyoga, nacho hula nyuzi za pamba kama sisi tulavyo ugali. Unyevu wa hewa ukizidi sehemu 65 katika mia kwa siku nyingi, koga hupata nafasi ya kuota. Watu wa Pwani wanajua kwamba wakati wa masika hewa yetu hupita kipimo hicho kwa mbali. Jua nalo hukausha, lakini hulipwa mshahara mkubwa kwa kazi yake: hufifisha rangi na kukata nguvu ya nyuzi. Kwa hiyo ala ianikwe kivulini penye upepo, isianikwe juani. Wadudu ni mende na jamaa zao wapendao wanga na jasho lililokauka, pamoja na mchwa ambao hawabagui. Na kutu hutoka katika bizimu, ikala kitambaa kilicho karibu hata kikatoboka. Ama shaba inayogusa ngozi yenye mafuta, huota nta ya kijani.

Adui wa tano ni mwenye mali. Katika chuo chetu mwanafunzi mmoja alileta ala fupi iliyokuwa ya babu yake. Alituambia kwamba tangu utoto wake aliona ndani yake maandishi ya wino: jina la babu, na chini yake nambari yake ya jeshi. Tulipoifungua tulikuta kitambaa cheupe. Shangazi yake alikuwa ameifua kwa dawa ya kung'arishia nguo ili mtoto asiende chuoni na kitu kichafu. Hakuna aliyethubutu kumlaumu mama yule, kwa kuwa alifanya kwa upendo. Lakini nambari ile haikuwa imeandikwa mahali pengine po pote nyumbani mwao, na bila nambari ni vigumu sana kumtafuta askari katika madaftari ya jeshi. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufuate utaratibu huu. Kabla ya kuigusa ala, ipige picha pande zote, pamoja na kila chapa na kila andiko. Andika urefu na upana wake. Kisha itandaze juu ya meza safi penye hewa. Ikiwa ina koga, toka nje, funika pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa, maana vumbi la koga hudhuru mapafu. Ngoja ikauke kabisa, kwa kuwa koga mbichi ikisuguliwa huingia ndani ya nyuzi. Halafu piga brashi laini polepole, kufuata upande mmoja, tangu juu hata chini. Kwa ala nyingi kazi imekwisha hapo.

Je, tusifue kwa maji kamwe? Twasema, usifue ala yenye wino, wala yenye ngozi, wala yenye rangi ya Blanco. Blanco ilikuwa rangi ya kipande kama sabuni ambayo askari aliilowesha akapaka mikanda na mifuko yake kwa brashi, na ya kijani ya kaki nambari 3 ilijulikana sana katika vita vya pili. Rangi hiyo imekaa juu ya kitambaa, haikuzama. Maji huichukua, nayo ikiondoka imekwenda na kazi ya mikono ya askari mwenyewe. Ala isiyo na mambo hayo, iliyojaa matope, yaweza kuoshwa kwa maji baridi safi bila dawa, juu ya ubao, bila kukamuliwa. Usiichemshe, usiitie katika mashine ya kufulia, wala usiipige pasi.

Juu ya vyuma, piga brashi kutu iliyolegea, na uitoe nta ya kijani kwa kijiti cha mti laini. Dawa za kusugulia shaba zisitumike, kwa maana huacha unga mweupe katika nyuzi na kula alama zilizopigwa juu ya bizimu. Zipu ngumu isivutwe kwa nguvu. Paka nta ya nyuki kidogo, uijaribu kwa subira. Pindo likianza kufumuka, lishike kwa uzi wa pamba, kwa mishono michache, bila kutoboa chapa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini mwenye kuziba ufa asipake rangi nyumba nzima.

Kuiweka ni jambo rahisi kwa mtu mwangalifu. Ala isikunjwe, kwa kuwa mkunjo wa miaka kumi hugeuka mpasuko. Izungushe juu ya bomba la karatasi ngumu lililovikwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa, kisha uifunge kwa kipande kingine cha marekani. Usiitie katika mfuko wa nailoni, maana humo hutoka jasho. Sanduku liinuliwe juu ya sakafu na litengwe na ukuta, na mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, lifunguliwe likaguliwe. Majani makavu ya kufukuzia wadudu yasiguse kitambaa, kwa sababu hutia madoa.

Tena ala si nyumba ya bunduki. Turubai hushika unyevu, na chuma kikifungiwa humo miezi mingi huota kutu. Askari aliitumia ala safarini, alipofika aliivua.

Tunalo neno moja la tahadhari. Ukipata ala ya zamani shambani au pangoni, au sandukuni mwa marehemu, na ndani yake mkawa na kitu kizito, usiifungue, wala usiwaruhusu watoto kuibeba. Risasi na makombora ya zamani hayafi kwa uzee. Mengine huzidi kuwa ya hatari. Waondoe watu, upeleke habari polisi. Na kwa kuwa sheria za silaha na za mavazi ya kijeshi hazifanani katika nchi zetu, mwenye kutaka kuiweka ala hadharani, au kuiuza, na aulize kwanza.

Huenda mzee mmoja anayetusikiliza atasema, "Mbona waalimu mwafundisha watoto kutunza nguo za vita? Vita havina uzuri." Mzee huyo asema kweli, nasi hatumpingi. Hatutunzi ala hizi ili kuvisifu vita. Twazitunza kwa sababu wako watu walioondoka vijijini mwetu wakaenda mbali kwa vita ambavyo si wao walioviamua, na wengi wao hawakurudi. Mshairi hakuwaimba wote, wala mwandishi hakuwaandika wote. Pengine kilichobaki cha mtu mmoja ni jina lake kwa wino, ndani ya kifuniko, urefu wa kidole.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wenzetu katika kila shule waulize wanafunzi wao ni nani aliye na kitu kama hicho nyumbani. Kisiletwe shuleni bila ruhusa ya wazee wake. Mwanafunzi na aandike katika daftari chapa aliyoiona, vipimo, jina la mwenyewe, na maneno ya wazee waliomjua. Daftari hilo liwekwe mahali pawili, nyumbani na shuleni. Turubai, hata likitunzwa vizuri namna gani, litaoza siku moja. Habari iliyoandikwa yaweza kunakiliwa, na kila inaponakiliwa huwa mpya.